Marehemu Aliyechaji Gari

Marehemu Marhoon bin Seif alizikwa siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Siku tisa baadaye, saa kumi na dakika saba jioni, alikwenda Bawshar, mjini Maskati, kuchaji gari lake la umeme. Akaenda tena kesho yake, na keshokutwa, na hata Ijumaa hakukosa. Kwa siku hamsini na moja mfululizo marehemu alikuwa mteja mwaminifu kuliko wengi walio hai.

Ndivyo zilivyosema kumbukumbu za chaja, na Jumana binti Khalfan alikuwa amezisoma mara tatu tangu asubuhi. Alikuwa mpelelezi wa kampuni iliyoiweka chaja hiyo. Kabla ya hapo alifanya kazi polisi miaka kumi na sita, kitengo cha udanganyifu, na huko alijifunza kwamba mashine haisemi uongo ila husema nusu ya ukweli. Chaja huijua kadi. Mkono ulioishika kadi haiujui.

Simu ikalia. Alikuwa Ayman, mkuu wa miradi, mtu asiyejua kusalimia akiwa na haraka, na haraka alikuwa nayo siku zote.

"Wawekezaji wanakutana leo baada ya magharibi," alisema. "Wanajenga kituo kimoja cha chaja nane. Ama Bawshar, ama Yiti. Patakaposhindwa tunang'oa chaja yetu. Bawshar inaizidi Yiti kwa mara thelathini na nane za kuchaji."

"Na ukiondoa za marehemu, Yiti inashinda."

"Ndiyo maana nakuuliza. Hizo hamsini na moja ni za halali au za kutunga? Nataka neno moja tu, Jumana."

"Na zikiwa za kutunga?"

"Basi nimeshamjua mtungaji. Yule mhudumu wa pale, Justus. Chaja ikiondoka, na kazi yake inaondoka. Nani mwingine mwenye faida nazo? Ijumaa atakuwa kwenye ndege."

Jumana alikata simu akafungua picha za kamera. Siku hamsini na moja zilikuwa siku moja iliyorudiwa. Gari jeupe lenye vioo vyeusi linaingia, linasimama. Justus analisogelea. Dirisha la dereva linashuka upana wa vidole viwili, kadi inapita, Justus anaigusisha kwenye chaja, anachomeka waya. Kisha anagonga paa la gari mara mbili kwa vidole na kurudi kwenye kiti chake. Dereva hashuki. Baada ya dakika arobaini na moja Justus anachomoa, gari linaondoka.

Kule kugonga paa Jumana alikuandika kwenye daftari lake na kukupigia mstari. Watu wasiojuana hawagongeani paa. Chini yake akaandika jambo la pili: gari lilikuwa likifika na asilimia themanini na nane ya chaji, au themanini na tisa, na kuondoka na tisini na sita. Mtu aliyeshiba haendi mkahawani kila siku kwa ajili ya tonge mbili, isipokuwa kama hafuati chakula.

*

Kituo chenyewe kilikuwa uwanja wa kuegeshea magari nyuma ya maduka: fundi wa nguo, dobi, na duka la vipuri lililofungwa tangu mwaka jana. Chaja moja, paa la bati, kiti kimoja cha plastiki. Magari yalipita barabara kubwa kwa mamia, na hata moja halikukata kona. Kwenye kiti kile alikaa Justus, mwanamume wa miaka thelathini na kitu kutoka Bukoba, mrefu wa kuinama akipita mlangoni. Aliinuka alipomwona Jumana, akampisha kiti chake. Jumana hakukaa.

"Gari jeupe la saa kumi ni la nani?"

"La mteja, madam."

"Mteja gani?"

"Mwenye kadi."

"Mwenye kadi amekufa, Justus."

Justus akatazama viatu vyake. "Mungu amlaze pema. Alikuwa ananiletea chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Kila siku, mwaka mzima."

"Kwa hiyo kadi unayo wewe?"

"Hapana. Napewa dirishani, naigusisha, narudisha."

"Unamrudishia nani?"

"Madam, mimi nachomeka tu. Ndani siangalii."

"Siku hamsini na moja hukuangalia hata mara moja?"

"Dirisha linafunguka kidogo."

"Na paa unaligonga kwa nini?"

Hapo Justus aligeukia chaja. "Mazoea," alisema. "Mzee nilikuwa namgongea hivyo. Kumwambia tayari, umeme umeingia, apumzike."

"Mzee alikuwa anakuja na nani?"

"Alikuwa anakuja."

Jumana aliinua macho. Alikuwa ameuliza na nani, akajibiwa kama vile hakuuliza. Alikaa kimya makusudi, kwa kuwa wengi hawauwezi ukimya wa polisi, huujaza wenyewe. Justus aliuacha kama ulivyo.

"Unajua Ijumaa unaweza kurudishwa kwenu?"

"Najua. Bosi Ayman amenipigia."

"Na huna la kusema?"

"Ninalo," alisema Justus. "Ila si langu."

Jumana alifunga daftari. Waongo aliowahi kuwahoji walikuwa na maneno mengi, na kila neno na ndugu yake wa kulisimamia. Huyu alikuwa na machache tu, na yote yalikuwa yanamharibia. Lakini uaminifu pia huwa na bei yake, na inawezekana mtu amefunga mdomo kwa sababu mwenzake ndiye aliyeshika usukani. Basi akaenda kumtafuta mwenzake.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa mwendo wa dakika saba kwa gari, katika mtaa wa nyumba nyeupe zenye kuta ndefu, ambako mtu anaweza kuishi miaka kumi asijue sura ya jirani. Langoni alikutana na Maan, mtoto wa pekee wa marehemu, mhandisi wa serikalini anayeishi na mke wake upande wa Seeb. Alikuja kila siku saa saba kumletea mama yake chakula na mahitaji, akakaa robo saa, akarudi kazini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyekisikia kwa wazee na kukijibu kwa Kiarabu.

"Gari la baba haliendi popote, ukhti," alisema. "Tangu amefariki liko garaji. Mimi nina gari langu. Mama yuko kwenye eda, hatoki. Nani ataendesha?"

"Naomba nilione."

Maan alifungua mlango wa garaji, akasimama. Vumbi lilikuwa limelala kwenye rafu, kwenye baiskeli kuukuu, kwenye ndoo. Gari jeupe lilikuwa safi. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimefutwa, na chini ya magurudumu sakafu ilikuwa na njia mbili zilizong'aa, za kuingia na kutoka.

"La!" alisema Maan, akaita kwa sauti. "Violeth!"

Violeth, msichana wa kazi, alikuja anafuta mikono. Alikuwa Mchaga wa Moshi, amekaa nyumba ile miaka minne, na alimzidi Maan urefu kwa vidole viwili. Mafuta yake ya nazi yalitangulia kufika kabla yake.

"Nani anatoa gari la baba?"

"Sijui, bosi."

"Hujui? Mimi najua. Wewe unampa ufunguo Mtanzania mwenzako wa kule kwenye chaja. Mnaendesha gari la maiti! Khalas, naita polisi."

"Wallahi bosi, mimi hata leseni sina," alisema Violeth, Mkristo wa kusali kila Jumapili, akiapa kwa kiapo cha nyumba ile kwa woga. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Subiri," Jumana alisema. "Polisi watakuja na kulifungia gari miezi mitatu. Nipe dakika tano kwanza."

Alifungua mlango wa dereva, akajaribu kuingia, magoti yake yakakwama chini ya usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho, na juu yake kumewekwa mto mdogo wa sebuleni. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinamishwa. Justus angeingia hapo angekaa kama panzi. Violeth vilevile.

Kisha akavuta pumzi, pole pole, mara mbili. Marehemu alikuwa mtu wa udi, kama kila Mwomani wa rika lake, na gari lake lilipaswa kunukia udi, au kunukia mafuta ya nazi kama Violeth ndiye mwizi, au jasho na sabuni ya kipande kama ni Justus. Halikunukia chochote. Mtu aliyekaa hapo siku hamsini na moja hakujipaka marashi, hakujifukiza, hakuacha hata harufu ya hina. Katika mji mzima wa Maskati Jumana aliweza kufikiria aina moja tu ya mtu anayeishi hivyo, na si kwa kupenda.

Aliwaza pia saa. Saa kumi na dakika saba, baada ya alasiri. Saa kumi na dakika arobaini na nane, anaondoka. Hata siku moja hakuingia usiku. Mwizi gani anayewahi kurudi nyumbani kabla ya magharibi?

Ukutani palikuwa na soketi kubwa, na juu yake msumari mtupu.

"Hapa palining'inia nini?"

"Waya wa kuchajia," alisema Maan. "Baba alichaji nyumbani kila usiku." Akaugusa msumari. "Waya uko wapi? Na waya wameiba!"

Macho ya Violeth yalikwenda jikoni mara moja na kurudi, na Jumana aliyaona yalivyokwenda.

"Nitakuwa pale saa kumi," alisema Maan. "Nitamkamata kwa mkono wangu, halafu naita polisi. Gari la baba, ukhti. Bado hata siku sitini hazijafika." Aliweka mifuko ya chakula mlangoni, akamwamkia mama yake kwa sauti kutoka ukumbini bila kuingia, akaondoka zake. Robo saa haikutimia.

*

Bi Ghaliya alikuwa amekaa kwenye godoro chini, nguo nyeupe isiyo na nakshi, mikono mitupu, macho bila wanja, wala harufu ya marashi, kama eda inavyotaka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwalimu mstaafu. Miguu yake ilikuwa imenyooshwa mbele na haikufika ukingo wa godoro.

"Makiwa, Bi Ghaliya."

"Ahsante, mwanangu. Karibu. Wewe wa nani?"

"Wa Khalfan bin Hamed, wa Malindi. Mama yangu alikuwa Bi Mastura."

"Mastura wa Malindi! Namjua. Hajambo?"

"Alifariki mwaka jana."

"Allah amrehemu. Basi na wewe makiwa." Akamtazama vizuri. "Una nani nyumbani?"

"Niko peke yangu."

Bi Ghaliya akatikisa kichwa, asiseme pole. Jumana alishukuru kwa hilo. Akaona hakuna haja ya kuzunguka.

"Bi Ghaliya, waya wa gari uko wapi?"

Bi Ghaliya aligeuza macho upande wa jikoni.

"Ndani ya sufuria la pilau," alisema Bi Ghaliya. "Lile kubwa, juu ya kabati. Halitoshuka mpaka siku ya kumaliza eda, nkajua hapana atakayelifunua."

"Kwa nini uliuficha?"

"Wewe umesoma chuo cha Kurani, unajua. Mwenye eda alale kwake. Mchana anaruhusika kutoka akiwa na haja. Nikakaa siku tisa natafuta haja." Alihesabu kwa vidole. "Chakula analeta Maan. Dawa analeta Maan. Maji, mkate, hata uzi wa kushonea nnaletewa. Nikaona duniani sina haja hata moja. Basi siku ya tisa nikautoa waya msumarini. Gari likawa halina pa kuchajiwa ila nje. Hiyo ikawa haja."

"Lakini gari lilikuwa halitumiki, Bi Ghaliya. Lilikuwa linatumia chaji kwenda kuchaji."

Bi Ghaliya alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mabega yakamtikisika, na Jumana alikawia kutambua kwamba anacheka. Kicheko kilikwisha upesi kama kilivyokuja.

"Hila hiyo, najua. Mungu anajua zaidi. Sikutaka kumwambia Mola wangu uongo kwamba nna haja nami sina. Nikaona bora niitengeneze iwepo kweli."

"Na kwa nini pale, uwanja mtupu?"

"Marhoon alikuwa akinipeleka. Nyumbani waya upo, lakini akisema ule wa kule ni mwepesi zaidi. Uongo mtupu." Alitabasamu. "Nyumbani kuna simu, kuna wageni. Kule gari limefungwa, hana pa kwenda. Dakika arobaini na moja tunazungumza. Kiswahili chetu, mwanangu, maneno ya kwetu, mizaha ya kwetu. Maan Kiswahili anakijua cha njoo na kula. Marhoon kaenda na nusu ya maneno yangu. Sasa nnakaa kiti chake, nnatazama ukuta wa dobi. Sizungumzi na mtu. Yule kijana hanisemeshi, anajua hali yangu. Ila akishachomeka hugonga paa mara mbili, kama alivyokuwa akimgongea Marhoon. Basi. Narudi nyumbani nalala."

Jumana hakuandika neno. Alihisi upweke wake mwenyewe umekaa naye pale godoroni, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake kufariki hakuuonea haya.

"Bi Ghaliya, Justus ameshutumiwa kwamba ndiye anayetumia kadi. Hasemi kitu."

"Nilimuomba asiseme."

"Anatimiza. Ijumaa anarudishwa kwao nayo hiyo siri. Na leo saa kumi Maan atakuwa pale, na anamshuku Violeth pia."

Bi Ghaliya alikunja miguu. "Nikijitokeza, watu watasema Ghaliya hakuweza kumkalia Marhoon eda ya miezi minne na siku kumi. Miaka thelathini na nane ya ndoa, na hilo ndilo litakalobaki mdomoni mwao. Na Maan, mwanangu, atanitazama vipi?"

"Sijui."

"Huwezi kuliandika bila ya mimi?"

"Naweza kumwambia Maan mimi. Lakini hatanisadiki, atasema namlinda yule mtu. Na hata akinisadiki, itakuwa ameambiwa na mgeni." Jumana aliinuka. "Mpaka saa kumi na moja sitasema kitu. Baada ya hapo nina ripoti ya kuandika."

Bi Ghaliya alikuwa anatazama mikono yake mitupu.

*

Saa kumi kamili walikuwa watatu chini ya bati. Maan alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kanzu yake ya dishdasha imekunjamana, simu mkononi. Justus alisimama kando ya chaja. Kiti cha plastiki kilibaki kitupu katikati yao.

Saa kumi na dakika saba ikafika. Gari halikuja.

Saa kumi na robo dobi alitoka, akatundika mashuka, akarudi ndani.

"Ameambiwa," alisema Maan. Akamshika Justus mkono juu ya kiwiko. "Umempigia simu mwenzako. Nani? Violeth? Sema!"

"Sijampigia mtu, bosi. Tazama simu yangu."

"Nani anaendesha gari la baba yangu?"

Justus alimzidi kimo na nguvu, na mkono ule angeweza kuuchomoa bila taabu. Hakuuchomoa. Alimtazama Jumana mara moja, akatazama barabara. "Sina la kusema, bosi. Nisamehe."

Maan akabonyeza simu. Jumana alitazama saa yake: kumi na dakika ishirini na mbili. Sentensi moja ilikuwa imemjaa kinywani, na alikuwa ametoa ahadi. Alijiuliza kama ahadi yake ni uaminifu au ni uoga uliovaa kanzu nzuri. Akaona hata jibu halitamsaidia Justus, akafungua mdomo aseme.

Gari jeupe likakata kona.

Lilikuja pole pole, likasimama mahali pake. Dirisha likashuka vidole viwili, kama siku zote. Likatulia hapo. Kisha likaendelea kushuka, lote, mpaka mwisho, na Bi Ghaliya akaonekana juu ya mto wake wa sebuleni, mikono miwili kwenye usukani.

"Maan," alisema. "Muache huyo mtu."

Mkono wa Maan ulianguka wenyewe. Simu ilikuwa inaita upande wa pili, na sauti ya kiume ikasema alo, alo, mpaka Jumana akaichukua na kuizima.

"Mama. Mama, eda."

"Siku zangu nazijua kuliko wewe. Zimebaki sabini na moja."

"Kama ulitaka kutoka, mbona hukuniambia? Ningekupeleka mimi."

"Ungenipeleka wapi, mwanangu?"

"Popote. Hapa."

"Na ungekaa?"

Ilionekana wazi Maan anahesabu robo saa zake. Bi Ghaliya hakumsaidia kuhesabu. Alitoa kadi, akamnyooshea Justus, na safari hii alimtazama usoni.

"Nimekuponza, baba. Niwie radhi."

"Usijali, mama."

Maan alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa kwenye kiti ambacho kwa mwaka mzima kilikuwa cha mama yake. Kiti kile kilikuwa kimesogezwa mbele pia, na magoti yake yakamfika kifuani. Hakukisogeza. Dirisha likapanda.

"Nichomeke, madam?" aliuliza Justus kwa sauti ya chini.

"Chomeka."

Akachomeka. Taa ya chaja ikageuka kijani. Akainua mkono juu ya paa, akasita kwa sababu ya yule mtu mpya ndani, halafu akagonga mara mbili.

*

Ayman alipiga saa kumi na moja kasorobo.

"Nipe jina, Jumana."

"Familia ya mwenye kadi. Warithi wake. Kadi ni yao, gari ni lao. Justus hakufanya kosa, na nimeandika hivyo. Mtoto wa marehemu yuko hapa, atatia saini akishuka."

"Sawa, Justus abaki. Lakini zile hamsini na moja? Gari lina asilimia themanini na nane! Hiyo si kuchaji, huo ni mchezo. Nazifuta?"

Jumana aliiweka fomu juu ya boneti ya gari lake. Palikuwa na mstari wa mwisho, sababu ya mteja kuchaji, na watu wengi huuruka. Ndani ya gari jeupe, nyuma ya kioo cheusi, kulikuwa na vivuli viwili. Kimoja kilikuwa kinaongea kwa mikono, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo siku sitini. Kingine kilikuwa kimeinamisha kichwa kinasikiliza. Jumana alikitazama kile kivuli cha pili kwa wivu, akakubali kwamba ni wivu.

"Usizifute," alisema. "Za halali zote. Na ya leo ni ya hamsini na mbili."

"Kwa sababu gani? Wawekezaji wataniuliza."

"Waambie wasome ripoti."

Alikata simu. Kwenye mstari wa sababu akaandika neno moja, haja, akatia saini yake kwa jina kamili. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na magharibi ilikuwa mbali bado. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Justus alikisukuma kwa mguu kuelekea kwa Jumana, yeye mwenyewe akaegemea nguzo.

Chaja ilionyesha zimebaki dakika ishirini na tatu. Jumana akakaa, akazingoja.